Mgomba Tuliouzika Mbele ya Kamera

Katika filamu zote za mwongozaji ninayempenda hakuna bunduki hata moja. Watu wa mji wetu wa Baraka walimlaumu sana kwa hilo. Unaingia kwenye chumba cha video, unakaa juu ya ubao usio na mahali pa kuegemea, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, halafu unaoneshwa mwanamke anamenya muhogo. Anamenya mpaka anamaliza. Kwa mbali mbwa wanabweka, mlango wa jirani unafungwa, mwanamke anasimamisha kisu, anasikiliza, kisha anaendelea. "Sasa bunduki iko wapi?" vijana walikuwa wakiuliza kwa sauti, na mimi nilitamani kuwazaba makofi. Mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda na wadogo zake akiwasikiliza mbwa hao hao, bunduki anataka kuoneshwa ya nini? Wengine walitoka kabla ya mwisho. Mimi nilibaki nikalia, na kesho yake nikarudi kuilia tena.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko karibu na soko la Baraka, na huyo mwongozaji nilimpata kama mteja. Alizaliwa huku, akakulia kambini ng'ambo ya ziwa, akarudi mtu mzima na kamera ndogo. Aliishi kwa kupiga picha za harusi na za kwaya, maana huku kwetu mtu wa filamu ni mtu wa harusi ambaye wiki hiyo amekosa harusi. Siku ya kwanza aliniletea gauni jipya la kitenge akaniomba nilichakaze. Nikamwambia kazi yangu ni kushona, kuchakaza nguo ni kazi ya maisha. Akacheka, lakini hakuwa anatania. Alitaka mshono wa kwapani uwe umeachia, kisha urudishwe kwa uzi wa rangi nyingine, kama afanyavyo mwanamke ambaye hana uzi wa kuchagua. Nilipokuja kuuona mshono ule kwenye filamu, ukichungulia kidogo tu mwanamke anapoinua ndoo, nilijua nimepata mtu wa kumfuata.

Ile niliyoipenda mapema kuliko nyingine ni ya mchungaji wa ng'ombe anayeshuka kutoka Bibokoboko, mlimani kwa watu tuliogombana nao miaka mingi, kuja sokoni na bidoni, dumu la maziwa. Alimtafuta mchungaji wa kweli, akakataa kumpa hata neno moja la kusema. Mtu anafika, anaweka bidoni chini, anasimama. Watu wanapita. Hakuna anayemtukana, hakuna anayenunua. Jua linapanda, maziwa yanaanza kuganda, naye anayainua anayanywa mwenyewe, yote, taratibu, kisha anaanza kuupanda mlima na bidoni tupu. Basi, ndiyo filamu nzima. Siku ile hakuna aliyeuliza bunduki iko wapi. Baba mmoja nyuma yangu alisema tu, "Njo vile," yaani ndivyo tulivyo, na watu wakatoka bila kuangaliana usoni. Siku hizi njia ile ya mlimani hakuna wa kuipita kwa amani, na mchungaji yule sijui aliko.

Jambo jingine: ukiacha hiyo ya mchungaji wa ng'ombe, kila filamu yake inaishia kaburini. Hajawahi kumwonesha mtu akifa. Anaonesha mazishi, na anayaonesha mpaka mwisho, tangu jembe la kwanza mpaka watu wanaponawa mikono. Tena hakubali kuigiza. Kaburi lazima lichimbwe kina cha kaburi, anayeombea awe katekista au mchungaji wa kanisa kweli, na asikatishwe mpaka afike Amina. Chakula cha wafiwa kilipikwa, kikaliwa. "Kamera haipendaki mambo ya kudanganya," alikuwa akituambia, nasi tuliokuwa naye tuliyarudia maneno hayo kama sala. Mimi niliyarudia kuliko wote. Leo nikiyakumbuka natamani kutema mate, na bado filamu zake nazipenda, sijapata namna ya kuacha.

Niseme wazi kwa nini nazikumbuka. Kaka yangu alipotea ziwani na mpaka sasa hajapata kilio. Hatujakaa chini kumlilia, hatujanyoa, hatujapewa pole kama watu wanavyopewa pole. Mama yetu ndiye anayekizuia kilio hicho, na sababu yake imo ndani ya filamu ya mwisho ya mtu huyu, ile ambayo mimi mwenyewe niliishonea nguo.

Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, watu hawakai hivyo hivyo. Unakatwa mgomba urefu wa mtu, unaviringishwa kwenye mkeka, mama yake au mke wake anamwita kwa jina lake, na mgomba unazikwa. Tangu hapo amekufa. Watu wanalia, kilio kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na mwenye uchungu anajua mahali pa kwenda kung'oa majani. Ikitokea bahati mtu akarudi hai, kabla hajaingia nyumbani mgomba wake unafukuliwa na kutupwa, ndipo anahesabiwa mzima. Na mtu hazikiwi migomba miwili. Wazee wanasema wa pili utatafuta mtu wake wenyewe. Wachungaji wa makanisa wanasema hayo ni mambo ya giza, lakini sijawahi kuona mchungaji akikaa mbali siku mgomba unapozikwa.

Filamu ile ilikuwa ya mvuvi aliyemezwa na ziwa. Kaka alipewa nafasi ya mvuvi. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa sura nzuri na asiye na aibu, na mwongozaji alimpenda kwa sababu alijua kukaa kimya bila kuonekana amesahau maneno. Nafasi ya mama wa mvuvi aliitaka kwa mama yetu. Mama hakuwa mwigizaji. Ila katika mtaa wetu kilio chochote kilichopoa aliitwa yeye kukiamsha. Kulia kwake kuna maneno ndani: anamtaja marehemu alivyotembea, alivyokula, alivyomwamkia, mpaka hata waliokuja kwa ajili ya chakula wanaweka sahani chini. Mwongozaji alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti kidogo mbele yake.

"Mama, mi nakuomba. Muntu mwingine akilia, batu batajua ni filamu."

"Na mi nikilia, batajua ni nini?"

"Batajua ni kilio."

Mama akacheka akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Alifurahi, nisimsingizie. Baba mdogo, ndugu ya baba yetu marehemu, ndiye hakucheka. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alisema, "Muchezeni. Lakini jina la mutoto wetu lisitajwe pale. Mumupe jina lenye halina mwenyewe." Tukakubaliana. Mwongozaji alimtungia mvuvi jina ambalo katika ukoo wetu hakuna anayeitwa, na Mama akawa analitamka akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ili lizoee mdomo wake.

Kaburi lilichimbwa katika shamba letu la muhogo, pale mteremkoni kando ya barabara ya kupanda Fizi. Kaka ndiye aliyekata mgomba. Alilala chini kando yake aone kama unamtosha, akaona umemzidi kidogo, akaupunguza kwa panga huku akisema hataki kuzikwa na mtu mrefu kuliko yeye. Tulicheka wote. Mwongozaji akamwambia asimame nyuma ya kamera, Mama asimwone, kwa sababu kila alipomwona alikuwa anataka kucheka. Ulikuwa ushauri wa akili, na ndio uliotuua.

Mara ya kwanza Mama alilia vizuri. Kilikuwa kilio cha kupendeza, na jina la mvuvi lilitoka kama tulivyopanga. Mwongozaji akatikisa kichwa. Alisema ule ulikuwa wimbo, akaomba arudie. Mama akapiga magoti tena penye mkeka, akauangalia. Nilikuwa karibu naye kumrekebisha kitambaa cha kichwa, kwa hiyo niliona uso wake ulivyobadilika. Mkeka ulikuwa umeviringishwa kama unavyoviringishwa, mwanawe hakuwepo mbele ya macho yake, na mdomo ukamwita yule aliyemzaa. Alimwita kwa jina lake, akaongeza jina la ukoo, akaongeza lile la kumbembelezea ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Alimwuliza amemwacha na nani. Baba mdogo alisimama. Kaka, nyuma ya kamera, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, niko hapa." Mama hakusikia, akaendelea. Na mwongozaji hakuzima kamera.

Mgomba ukashushwa, udongo ukatupwa, katekista akafika Amina. Ndipo kaka akatoka. Mama alimpiga kofi la begani, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Tukala chakula cha wafiwa, marehemu mwenyewe akala kuliko wote. Baba mdogo alimvuta mwongozaji pembeni akamtaka aitoe sehemu ile. Mwongozaji akajibu, "Nitaangalia, Papa." Mimi najua mafundi wanavyosema "nitaangalia." Hata mimi nawaambia wateja hivyo hivyo.

Hakuitoa. Nilipoiona filamu, niliona jambo ambalo sijaliona kwenye filamu nyingine yoyote, za hapa wala za mbali. Muda wote mkeka hauonekani. Tunaona uso wa Mama peke yake, na ule mstari wa jasho chini ya kitambaa. Jina la kaka lilipotoka kwenye spika niligeuka, na kaka mwenyewe alikuwa kando yangu anatafuna karanga. Hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Wanawake walitoka wakilia wameshikana mikono, na mmoja alimpa Mama pole kabisa, akakumbuka, wakacheka.

Filamu hiyo ilitembea. Iliruka kutoka simu hadi simu, ikafika Kazimia, ikafika Fizi, ikaingia kwa wakimbizi wa Burundi kambini, ikavuka ziwa. Kaka alikuwa akipita sokoni watu wanamwamkia, "Marehemu, habari ya huko?" naye anajibu, "Huko iko baridi kidogo, lakini batu beko bazuri." Hata mimi nilimtania. Alipochelewa kula nilisema wafu hawana saa. Tulikuwa tunacheka hivyo, na wazee walikuwa wanatuangalia tu. Kuna msemo kwamba mdomo huumba. Nilikuwa nausikia kama watu wanavyosikia msemo, sikio hili unaingia, lile unatoka.

Halafu kaka akaenda Kazimia kutengeneza mashine ya boti. Aliitengeneza, akapanda boti nyingine ya kumrudisha Baraka, imejaa dagaa wakavu, ndagala tunavyowaita, na madumu ya mawese na watu juu yake. Upepo ukashuka kutoka milimani wakiwa mbali na pwani. Waliojua kuogelea na kushika madumu walifika nchi kavu, wengine walitupwa na maji mchangani siku zilizofuata. Nilitembea ufukoni na wanawake wa familia nyingine, kila mmoja akiomba asiwe yeye atakayemkuta mtu wake, na akiomba awe yeye. Wao walipata wa kuzika. Sisi hatukupata mtu, tulipata kandambili ambayo haikuwa yake.

Baba mdogo alikuja na wakubwa wa ukoo kuzungumza habari ya mgomba. Mama alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua.

"Shemeji, imefika wakati," baba mdogo alisema. "Tumukalie mutoto kilio."

"Mulishamuzika."

"Ile ilikuwa mambo ya filamu."

"Shimo lilikuwa la filamu? Mugomba ulikuwa wa filamu? Njo mi nilimuita, kwa mudomo wangu, na ziwa likasikia. Sasa munataka mugomba ingine. Munajua unamuita nani?"

Wakubwa waliangaliana, na niliona kwamba wao pia walikuwa wanaogopa jambo hilo hilo. "Muntu mmoja hapana kumuzika mara mbili," mmoja wao alisema, kama vile kuomba radhi. Mchungaji wa kanisa alikuja naye, akasema tuache mgomba kabisa, tufanye ibada tu, Mungu anajua waliko wafu wake. Mama alimsikiliza kwa heshima, akampa maji ya kunywa, akamwambia ibada ya mtu aliyezikwa ilishafanywa na Amina ilishasemwa, yeye Mama mwenyewe alikuwepo.

Basi tukakaa hivyo. Mama hakukaa chini. Alikwenda shamba, alikwenda sokoni, alipika. Watu waliokutana naye hawakujua waseme pole au waseme habari, wengi walivuka barabara. Na ile filamu ikaanza kutembea upya. Sasa kila mtu alitaka kuona, na kwenye meza yangu wateja walikuwa wananionesha simu, uso wa mama yangu ukiwa mdogo kama kipande cha sabuni, sauti yake inamwita mwanawe kati ya kelele za soko. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri blauzi yake alisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Alisema kama watu wanavyosema, bila ubaya mkubwa. Nilimrudishia kitambaa chake bila kukishona na sijazungumza naye tangu hapo.

Vijana walisema mwongozaji alimuuza kaka kwa kamera. Waliposikika wakisema watamchoma, alitoka Baraka akapanda Fizi kwa dada yake. Ndiko nilikomkuta Mama aliponituma kumwita. Nilipanda kwa pikipiki, nikajitayarishia matusi njia nzima, na nilimkuta anapalilia maharagwe. Alikuwa amekonda. Kabla sijasema neno alitoa simu mfukoni.

"Dada, mi nilishaitoa. Angalia. Ile sauti haiko tena."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Mama anapiga magoti, picha inakatika, udongo unatupwa. Ilikuwa imekufa, filamu isiyo na kitu ndani. Jambo la kwanza nililolihisi, Mungu anisamehe, lilikuwa hasira kwamba ameiharibu.

"Na mu telefone ya batu bote, utaitoa namna gani?" nikamwuliza.

Alirudisha simu mfukoni. Matusi yangu yote yalikuwa yameniishia. Nikamwambia Mama hahitaji kukatwa picha, anataka mgomba ule ufukuliwe, na anataka yeye awepo. Akaweka jembe chini akanawa miguu.

Baba mdogo aliposikia mgomba utafukuliwa alishusha pumzi. Ilikuwa ni njia ambayo hakuna aliyeifikiria: ule wa kwanza utolewe na kutupwa, uwe kama haukuzikwa, halafu kaka azikwe kwa mgomba wake wa haki, mmoja, kama watu wengine. Wakubwa walikubali. Tulifunga turubai uani, masufuria yakaazimwa, wanawake wa mtaa wakaja na vitenge vyao vya kilio. Mimi nilifunga mashine yangu. Nilikuwa na furaha ya ajabu, sioni haya kuisema. Nilikuwa nakwenda kulia. Nilikuwa nimeangalia mazishi ya filamu zake zote, nilijua nitakavyokaa, nilijua ni nani atanishika bega, na moyo wangu ulikuwa umechoka kubeba kitu hicho nikiwa nimesimama.

Asubuhi tulikuwa wachache shambani: Mama, baba mdogo, wanaume wawili wa kanisani wa kuchimba, mwongozaji, na mimi. Mwongozaji alikuja mikono mitupu. Mgomba mpya ulikuwa umelala kando, mbichi, umeviringishwa kwenye mkeka. Walichimba mpaka wakafika. Mkeka wa zamani ulikuwa umebaki nyuzi nyuzi, na mgomba wenyewe ulikuwa umegeuka tope jeusi lenye harufu ya pombe ya ndizi iliyochacha. Waliukomba kwa jembe, wakauweka juu ya majani, baba mdogo akautupa korongoni kama unavyotupwa wa mtu aliyerudi. Kisha akanawa, akaushika mgomba mpya upande wa kichwani. Akamwambia Mama apige magoti amwite.

Mama hakupiga magoti. Alikwenda mpaka ukingoni mwa shimo akaangalia ndani.

"Mulimutoa?"

"Tulimutoa," baba mdogo akajibu.

"Ndani kunabaki muntu?"

"Hakuna muntu."

"Basi mutoto wangu hakukufa. Mwenye mugomba wake unatupwa ni muzima. Njo desturi yetu, si mimi nasema."

"Shemeji, ile ni ya muntu mwenye amesharudi."

"Atarudi. Mi sitamuita tena mu shimo. Nilimuita mara moja na mukaona."

Baba mdogo alibaki ameinama na mgomba mikononi. Alikuwa mtu mzima na machozi yalikuwa yanamtoka, alimsihi, alimtajia baba yetu. Mimi nilikwenda nikamshika Mama mkono. Nilimwambia, "Mama, tuko bachofu. Tuachie tumulilie." Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa na yeye amekuja kunipa pole. Kisha akamgeukia mwongozaji, ambaye alikuwa amesimama mbali karibu na mihogo.

"Wewe ulitengeneza ile ya kumuzika. Tengeneza ingine, ya kurudi."

"Mama, mi sijui kutengeneza ile. Nitamuweka nani?"

"Hapana kuweka muntu. Atakuja mwenyewe. Weka kamera kwa mulango, ungoje."

Nilimwangalia mtu huyu ambaye alikuwa hachezi na ukweli hata kwenye uzi wa kwapani. Najua alitaka kusema nini, kwa sababu mimi pia nilitaka aseme. Lakini akasema, "Sawa, Mama. Nitakuja." Ni mara yangu pekee kumsikia akidanganya, na hata mimi mwenyewe nilitamani kumwamini.

Shimo halikufukiwa, kwa sababu Mama aliuliza linafukiwa kwa ajili ya nani. Mgomba mpya baba mdogo aliuacha pale pale akashuka peke yake. Nyumbani wanawake walikuwa wameshaivisha, wakala chakula cha kilio bila kilio, wakikwepa macho yangu, kisha wakakunja vitenge vyao wakaondoka mmoja mmoja. Turubai tulilifungua kabla ya jua kuzama. Mwongozaji alirudi Fizi. Nasikia anapiga tena picha za harusi huko, na filamu hatengenezi.

Mimi bado naziangalia zile za zamani kwenye simu, nikiwa mezani na kazi imepungua. Ya mchungaji, ya mwanamke wa muhogo. Zote, ukiacha hiyo ya mchungaji wa ng'ombe, zinaishia kaburini, na zamani nilidhani huo ndio ukali wake. Sasa naona alikuwa anatupa kitu kizuri kuliko tulivyojua, watu wote wale waliopata kuzikwa mpaka mwisho. Ya kaka siiangalii. Nikiisikia kwa mtu, nainuka.

Juzi Mama alikuja mezani kwangu na kitambaa cheupe, kizuri, sijui alikitoa wapi. Alisema nimshonee kaka shati la mikono mirefu, la kuvaa siku ile kamera itakapokuwa mlangoni, asije akaonekana na nguo za ziwani. Nilitaka kukataa. Niliangalia mikono yake namna ilivyokuwa inakinyoosha kile kitambaa juu ya meza, nikachukua mkasi. Vipimo vya kaka navijua bila kupima, mabega, urefu wa mkono, shingo. Nilikata mbele ya macho yake, nikashona kola, nikaunganisha pande. Nilipofika ubavuni alinigusa mkono nisimamishe mashine.

"Ikaze kidogo hapa," alisema. "Kule kwenye eko, hakulaki muzuri."